Kabla Lori la Majani Halijafika

Walikuwa saba getini, na wanne kati yao niliwafundisha mimi kusoma. Yule mrefu mwenye panga alikuwa akikaa dawati la nyuma, karibu na dirisha, na alikuwa akilia nikimwita ubaoni kugawanya. Sasa alikuwa na watoto watatu, na panga lenyewe alikuwa amelinoa asubuhi hiyohiyo.

"Mwalimu," akasema, "hatujakuja kwa ubaya. Toa tu hiyo mbwa."

"Huyo mbwa," nikamwambia. "Miaka mitatu nimekufundisha, na bado unaniambia hiyo mbwa?"

Hakuna aliyecheka. Kwa kawaida wangecheka, maana kijiji kizima kinaujua ulimi wangu. Nikaona mambo yameharibika.

Mbwa alikuwa nyuma yangu, ndani ya stoo ya mbao tunamoweka mbolea na vikapu vya kuchumia majani chai. Jina lake nitabaki nalo mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuja kutoka Ishiara akiwa mdogo kuliko kiatu changu, ndani ya kikapu cha ndengu, zawadi ya mwalimu mwenzangu. Ishiara ni joto, na huku Kianjokoma baridi inaingia mpaka kwenye meno, kwa hiyo wiki ya kwanza alitetemeka tu. Nikamkatia mkono wa sweta kuukuu nikamvika. Marehemu mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Alisema tangu azaliwe hajaona mbwa wa sweta Embu nzima.

Mume alikwenda, watoto wakaenda mmoja mmoja, mbwa akabaki. Kila asubuhi alinisindikiza mpaka darajani, akakaa hapo akinitazama nikipanda kwenda shule. Tulistaafu pamoja, mimi na yeye. Siku hiyo ya wale saba getini nilijua kwamba anakufa, hilo sikubishana na mtu. Nilichotaka ni kimoja tu: asife kwa mawe na mapanga, akilia, mbele ya watu wanaopiga kelele. Nilitaka afe akiwa amelala, na mimi nikiwa karibu.

"Anatoka mate," akasema jirani yangu wa ng'ambo ya mtaro, mama ambaye tumekopeshana chumvi miaka ishirini. "Nimemwona kwa macho yangu kwa ufa wa mbao. Mdomo uko wazi, mate yanadondoka, sauti imebadilika, hanywi maji. Si ni wewe ulitufundishia watoto? Mbwa wa namna hiyo hashikwi wala haonewi huruma. Ni wewe, Mwalimu."

Ni kweli, ni mimi. Nilikuwa nachora ubaoni mbwa mwenye mkia katikati ya miguu na matone ya chaki nyeupe yakitoka mdomoni, na darasa zima linarudia kwa sauti: mate, sauti, maji! Mate, sauti, maji! Na nilikuwa na sababu. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, msichana wa darasa langu aliumwa kisigino na mbwa wa kupita njia. Kwao wakaosha kidonda kwa chumvi wakanyamaza. Sitaeleza jinsi alivyokufa. Nilimwona, na kuanzia hapo hakuna mtoto aliyepita mikononi mwangu bila kujua dalili zile tatu.

Kwa hiyo nisingeweza kuwaambia wajinga. Walikuwa wanafunzi wazuri, na hilo liliniuma kuliko panga.

"Nimempigia daktari wa ng'ombe," nikasema. "Anakuja."

"Lini?"

"Anazalisha ng'ombe huko juu. Akimaliza anakuja."

Wakatazamana. Watoto wangetoka shuleni baada ya muda mfupi, na njia yao inapita hapo kando ya ua wangu. Yule mrefu akakuna kichwa, halafu akasema kwa upole, na upole wake ulinitisha: "Mwalimu, tutakupa mpaka lori la majani lifike. Lori likifika na daktari hajafika, tunaingia. Usituchukie."

Lori la majani chai hufika kituoni saa kumi, likipiga honi mara mbili kwenye kona ya kanisa. Saa hiyo ilikuwa saa nane na nusu. Sijawahi kuliombea lori lolote lizame kwenye matope, lakini siku hiyo niliomba, Mungu anisamehe, na majirani zangu wote majani yao yalikuwa kituoni.

Nikavuta kigoda nikakaa mlangoni pa stoo. Sasa niseme ukweli ambao wale saba hawakuujua. Ilikuwa Jumatano. Mbwa alikuwa ameanza kudondokwa na mate Jumatatu.

Jumamosi iliyotangulia wakwe walikuja kutoka Meru kuleta mahari ya kitindamimba wangu. Kwetu nyama ya siku hiyo haiguswi ovyo. Kichwa na supu ni vya wazee, figo zina wenyewe, kila fungu lina mtu wake, na mbwa wanangoja mpaka wageni wapande magari, ndipo watupiwe mifupa iliyokwisha kunyonywa. Wangu alilala getini tangu alfajiri, akipokea wageni bila kubweka hata mara moja, mzee wa watu, na harufu ya nyama inamfikia pale alipo. Nikamtazama nikaona hapana. Msichana huyu amekua huyu mbwa akimsindikiza tangu darasa la tatu. Aliyemlea naye ana fungu lake. Nikaenda kwenye gogo la kukatia nyama, nikachukua kipande cha mbavu, chenye nyama ya kueleweka, kilichokatwakatwa kwa panga na ncha zake kali, nikampelekea chini ya kanga. Mzee mmoja aliniona akaguna. Nikamwambia macho mbele, mzee wangu. Siku hiyo nilifurahi kuliko bibi harusi.

Jumatatu nikiwa barazani nachagua maharagwe, mbwa akaja. Akaniwekea mguu wa mbele gotini, kama alivyofanya kila siku akitaka kitu. Nikainua uso. Mdomo ulikuwa wazi, haufungi, mate yananing'inia mpaka chini. Akakwaruza mdomo wake kwa ule mguu mwingine, akanirudishia mguu gotini, akanitazama.

Niliruka. Maharagwe yakamwagika baraza zima. Nikamsukuma kwa ufagio mpaka ndani ya stoo, yeye akirudi kinyumenyume, hajui amekosa nini, nikafunga. Baadaye nikamwekea maji kwa sufuria, nikiyasogeza kwa kijiti. Akainamisha mdomo, maji yakaingia yakarudi yakatoka. Anaogopa maji, nikajiambia. Mate, sauti, maji. Mwalimu mzima!

Na sikumpigia daktari. Hapo ndipo uchungu ulipo. Niliogopa atakuja aseme neno moja, na mbwa amalizwe siku hiyohiyo. Nikataka siku mbili zaidi za kumwona kwa ufa wa mbao. Nikamficha kama pombe haramu. Jumanne akaja tena mlangoni nilipoufungua kidogo, akainua mguu, nikarudi nyuma. Basi hadi jirani alipokuja kuomba majani ya ng'ombe akasikia ile sauti yake, kavu, ya kukwama, ndipo nikalazimika kupiga simu, wakati watu saba wamekwisha kusimama getini.

Saa tisa ikapita. Manyunyu yakaanza, wakajifunika magunia kichwani, hakuna aliyeondoka. Yule mrefu alijaribu kuniletea mwavuli nikamkatalia kwa mkono. Nikapiga simu tena, ikaita mpaka ikakata. Nyuma yangu nilimsikia mbwa akipumua. Alikuwa amejilaza akiuegemea mlango, mimi huku na yeye kule, ubao mmoja katikati.

Honi ikalia kwenye kona ya kanisa. Mara mbili.

"Mwalimu," akasema yule mrefu, na sauti yake ilitetemeka kama siku za ubaoni. "Ni saa yake."

Geti likafunguliwa. Nikasimama, na kabla sijajiuliza nafanya nini nikafungua mlango wa stoo, nikaingia, nikaukomea kwa ndani.

Nikasikia wakipiga yowe. "Mwalimu, toka! Atakuuma! Ngai, Mungu wetu, amejifungia naye!" Wakagonga mbao, lakini hawakuuvunja mlango. Kuvunja mlango wa mwalimu wao hawakuweza, na mimi nililitegemea hilo.

Nilikuwa nimejifungia chumba cha hatua nne kwa tatu na mbwa ambaye niliamini ana kichaa. Ilikuwa giza, na palinuka kitu kilichooza. Macho yangu yakazoea, nikamwona akiinuka. Aliinuka vibaya, nyuma imelegea, akaja kwangu taratibu. Nikakinyakua kikapu cha majani nikakiweka mbele ya miguu yangu. Nilikuwa tayari kufa kwa ajili yake, angalau ndivyo nilivyojiona, lakini kumgusa sikuwa tayari. Akafika kwenye kikapu. Akainua mguu akauweka juu ya ukingo wa kikapu, akaniangalia. Alikuwa ananiomba kwa mara ya tatu, na mimi nimebana mgongo ukutani.

"Samahani," nikamwambia. "Samahani, baba, siwezi."

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilisikia pikipiki, halafu sauti ya daktari akiuliza kuna nini hapa, wote wakimjibu kwa pamoja. Nikamfungulia komeo, na alipoingia alikuwa bado ana damu ya ng'ombe kwenye gambuti. Hakunisalimu. Akavaa glavu nene, akamfunga kamba shingoni akampa yule mrefu aivute kwa nje kupitia ufa, akaweka kijiti cha ufagio katikati ya meno, akawasha tochi. Akachungulia.

"Mwalimu, siku ngapi hivi?"

"Tangu Jumatatu."

"Alikula nini?"

Akachukua koleo, akaingiza, akavuta mara moja. Kikatoka kipande cha mbavu, kirefu kama kidole changu cha shahada, kimekaa kwenye kiganja chake cha mpira. Kilikuwa kimejibana juu ya kaakaa, kutoka gego hadi gego, na nyama ya mdomo imeoza kukizunguka.

"Si kichaa," akawaambia walioko nje. "Ni mfupa."

Nikasikia panga likiwekwa chini.

Nikamuuliza kama atapona. Akamminya ngozi ya shingo, ikabaki imesimama. Akamsikiliza moyo muda mrefu. "Angekuwa kijana ningesema tujaribu," akasema. "Lakini huyu amekauka, na sumu imeshaingia damuni. Ataumia siku mbili tatu, halafu atakufa tu." Akaanza kutafuta kwenye mfuko wake, na bila kuniangalia, bila hata ubaya, akasema: "Ungeniita Jumatatu, Mwalimu, ningekitoa dakika mbili, tunywe chai."

Sikulia. Nilikasirika, hata sijui na nani. Na ukiniuliza leo kama ningerudi darasani ningefundisha nini, ningefundisha vilevile, mate, sauti, maji, kwa sababu yule msichana alikufa kweli. Hilo halinisaidii chochote.

Nikakisukuma kile kikapu pembeni kwa mguu. Nikakaa chini, kwenye vumbi la mbolea, na sketi yangu ya kanisani. Mbwa aliufunga mdomo wake kwa mara ya kwanza kwa siku tatu. Aliufungua akaufunga tena, kama haamini. Nikachota maji ya sufuria kwa kiganja, mkono mtupu, daktari akiniangalia. Akayalamba. Mengi yalimwagika, lakini mengine yalishuka, niliyaona yakishuka kooni.

Daktari akanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa nyuma. Kupitia mlangoni niliwaona wale saba wamevua magunia kichwani, mvua inawanyea. Jirani yangu amejiziba mdomo kwa leso. Yule mrefu alikuwa bado ameshika kamba. Daktari akamwambia ailegeze, akailegeza.

"Uko tayari?" daktari akaniuliza.

Kabla sijajibu, mbwa akainua mguu wake wa mbele. Ulipanda kwa shida, ukateleza, ukapanda tena. Akauweka gotini kwangu, na safari hii nikaufunika kwa mikono yangu yote miwili.

"Nipo," nikamwambia mbwa, si daktari. "Haya, nimekuja. Nipo."

Sindano ikaingia. Niliushika ule mguu mpaka ukawa mzito, na baada ya hapo niliendelea kuushika.