Bibi Mwenye Funguo za Kanisa

Kila Jumapili kabla ya misa, bibi mwenye funguo za kanisa hufagia theluji iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi wa kiwanda cha chuma, kisha hupangusa matofali mapya ya mlangoni, moja baada ya jingine, huku akisonya. Juzi alikuja afisa wa jiji kukagua jengo. Mtu mzima, adabu hana! "Bibi, nyinyi Wajerumani mtarudi lini kwenu?"

Bibi akalinyoosha fagio kuelekea kwenye tanuru la kiwanda. "Kwetu ni pale. Wakati wa vita baba yangu mlimleta hapa kwa mtutu wa bunduki, kosa lake kuwa Mjerumani, akalijenga lile, akafa, mkamfukia palepale bila msalaba." Akamtupia kitambaa cheusi kwa masizi. "Futa viatu. Msalaba wake uko humu ndani."