Siku Niliyowatafsiria Wazee Sinema

Karani aliyezoea kututafsiria sinema alipoteza sauti Jumapili hiyo hiyo, kana kwamba alikuwa amengoja siku yangu. Msimamizi wa kambi akaja mlangoni kwetu na kipaza sauti mkononi. Kambi nzima ya wachuma chai, msichana aliyefika kidato cha pili nilikuwa mimi peke yangu, kwa hivyo Kizungu kikawa kazi yangu. Baba akajibu kabla sijafungua mdomo. "Atakuja."

Hakuna aliyejua kwamba saa kumi nilikuwa na safari. Kijana niliyempenda alikuwa fundi wa matrekta ya ngano kule Mulot. Angepita na lori la mahindi, asimame nyuma ya holi la sinema, apige honi mara tatu. Nisipotokea, angejua nimemkubali yule niliyetafutiwa: mzee mwenye duka Chepilat, aliyefiwa na mke, ambaye ng'ombe wake wanne walikuwa tayari wanakula nyasi ya baba yangu kwetu Kisii. Kijana alisema hatapita mara ya pili. Alikuwa na kiburi, na mimi nilimpendea kiburi hicho hicho, mjinga mimi.

Sikuogopa sana. Sinema zetu zilikuwa za wapanda farasi na bastola, na zilikwisha mapema. Lakini hii, jamani, sijui ilitoka wapi. Kijana na msichana ndani ya gari dogo jekundu, barabara tupu. Gari likapita katikati ya nyumba ya watu wakila chakula, na hakuna aliyeinua kichwa. Wazee wakaanza kuuliza wanasema nini. Msichana alikuwa amesema ana njaa ya mvua. Mimi nikasema, "Anasema ana njaa."

Baba na mwenye duka walikaa mbele, kwenye viti vya ofisi. Mimi nilisimama kando ya kitambaa cha sinema, madirisha yote yamezibwa na blanketi, watu wote macho kwangu. Hata kujikuna nilishindwa.

Halafu akatokea ng'ombe mweupe, amekaa kiti cha nyuma ndani ya gari, ametulia kama abiria.

"Sasa hayo ndiyo mambo," mzee mmoja akasema. "Kijana anapeleka mahari."

"Ng'ombe moja tu?" akajibu mwingine. "Huyo anacheza na watu."

Wakacheka mpaka benchi zikalia. Baba alicheka akimgusa mwenye duka begani. Kuanzia hapo hawakutaka habari nyingine. Mbona kijana hashuki kwa baba ya msichana? Mbona gari linapita tu? Nikajaribu kusema ukweli, nikatangaza: "Wanatoroka." Hakuna aliyecheka. Mzee wa kanisa akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akanitazama kama mimi ndiye niliyetunga hadithi.

Walipobadilisha mkanda nilimnong'oneza msimamizi kwamba nataka kwenda choo. "Vumilia kidogo," akasema, "tukikosa wewe tutaona picha tu kama mabubu." Nikavumilia.

Honi ililia nyuma ya holi wakati barabara ya kwenye sinema imefika mwisho. Mara ya kwanza. Wale vijana wakashuka, wakaacha milango wazi, wakaingia kwenye majani marefu. Mara ya pili. Majani yakatikisika, yakatulia, wao hawaonekani tena. Mara ya tatu.

"Wameenda wapi?" Aliyeuliza ni baba. "Tuambie."

Mlango ulikuwa hatua kumi. Ningeweka kipaza sauti chini, nitembee. Lakini baba alikuwa anangoja, wazee wote wanangoja, na mimi tangu utoto sijawahi kumwacha mtu mzima akingoja jibu.

"Wamerudi nyumbani," nikasema. "Wazee wamekaa chini, wameelewana."

Walipiga makofi kwa muda mrefu. Katikati ya makofi nikasikia lori likinguruma, likishika barabara ya Bomet.

Mwenye duka akaja kunipa mkono. Akasema nimeeleza vizuri sana, na kwamba mwanamke anayejua kueleza mambo ni baraka nyumbani. Nikamwambia asante. Nilikaa naye mpaka nikamzika.