Jua la Ndani

Naona haya kusimulia, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wa Soweto waliniona ndani ya bwawa na suruali ya kanisani, nikivua kahawa kwa chujio la chai, ni heri habari hii muipate kwangu.

Ninatunza mitambo ya ukumbi mpya wa kuogelea hapa Moshi. Jengo lile ninalijua: mihimili ni mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, na paa ni mifuko ya plastiki angavu iliyojazwa hewa kama mito ya kulalia, inayopitisha mwanga na kutunza joto. (Sikusomea popote, nimejisomea mwenyewe, na kila mgeni hulazimika kunisikiliza.)

Novemba ile mvua haikukatika, na mama mkwe wangu kule Kibosho alikuwa na mavuno yake yote ya mwaka, kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, yakianza kuvunda kwa kukosa jua. Nami ndiye yule mkwe anayesemwa kwamba husoma sana na halimi kitu, kwa hiyo nikaona siku yangu imefika.

"Shikamoo mama. Nipe mimi, nitaianika ndani, juani."

"Jua la ndani, Baba Anna?"

"Ni mambo ya paa, mama."

Akanipa yote.

Jumamosi asubuhi nikatandika maturubai ukingoni mwa bwawa, mwanga unapoangukia vizuri, nikaitandaza kahawa kwa reki, nikavaa vizuri kumsubiri mama aje kujionea. Wakaja kwanza watoto wa mashindano na wazazi wao. Mwalimu wao akasita.

"Mzee, hii haitalowa?"

"Nyinyi ogeleeni katikati. Hii iko pembeni."

Sasa, bwawa lile halina ukuta ukingoni. Maji yako sawasawa na sakafu, ili mawimbi yamwagike nje badala ya kurudi kumsumbua mwogeleaji (hilo ndilo somo langu kubwa, wageni hulisikia mara mbili). Filimbi ikalia, watoto wakaruka wote pamoja, na maji yakafanya kile ninachokieleza kila siku. Yakapanda juu ya maturubai, yakarudi na kahawa.

"Mwalimu, kuna wadudu!" mtoto mmoja akapiga kelele, na wote wakatoka mbio, wazazi wakatoa simu, mimi nikaruka ndani.

Nilikuwa humo, maji kifuani, mama mkwe alipoingia na mabuti yake ya shambani. Akatazama paa kwanza, kwa utulivu. Kisha akanitazama mimi.

"Jua lenyewe zuri, Baba Anna. Ila kahawa nilikuwa nimeshaiosha."

Tuliiokota karibu yote, lakini ilinuka dawa ya bwawa na hakuna aliyeitaka, basi nikamlipa mavuno yake, naye akaitia kahawa ile guniani, akarudi nayo Kibosho. Tangu hapo sizungumzii paa mpaka niulizwe, wala sibebi tena mazao ya mtu. Lakini kila tukipanda Kibosho, wengine hupewa chai ya maziwa, na mimi huletewa kikombe changu cha kahawa nyeusi.

"Kunywa, baba. Hii ni yako peke yako."

Ninakunywa. Gunia bado halijafika nusu.