Bora Waseme Nimeoa Mke wa Pili

Admin, nakuomba unifichie jina na usiweke picha yoyote, maana Mji wa Kale ni mdogo na hapa kila mtu ni jamaa wa mtu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minane. Nina mke na binti wawili wanaosoma, na kazi yangu ni kusimamia upakiaji wa majani ya chai katika godauni moja huko Shimanzi. Nawaandikia nikiwa nimechoka. Si uchovu wa kazi, huo naujua tangu ujana wangu. Huu nalala nao na naamka nao.

Ulianza polepole mwaka jana. Ngazi za nyumba yetu, ambazo nimezipanda tangu utotoni, zikaanza kunishinda, nikawa nasimama katikati najifanya natafuta funguo. Nikirudi kazini nilikuwa naanguka kwenye kochi na viatu miguuni. Msikitini vijana wakaanza kuniletea kiti nisalie, nami hata hamsini sijafika. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mamangu alisema ni jicho la watu, akanipeleka kwa mwalimu nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Wenzangu kazini walisema ni sukari. Mke wangu alisema ni umri, akawa ananipikia maini. Mimi nilikuwa najua jambo moja ambalo sikumwambia yeyote. Kila nikienda haja kubwa nilikuwa naona damu. Nikajiambia ni bawasiri tu, itapita. Mambo ya huko nyuma mwanamume wa kwetu hayasemi, hata kwa mkewe.

Mwishowe nilikwenda hospitali kwa siri, mbali na mtaani. Nikakutana na daktari wa kike ambaye ningeweza kumzaa. Akanipima, akasema damu imepungua sana, kisha akaniuliza kama naona damu chooni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee, mwanamume wa umri wako damu haimpungui bure," alisema. "Inatoka mahali. Inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa bawasiri, inaweza pia kuwa uvimbe mbaya. Lazima tuingize kamera tuangalie."

Alipoeleza kamera inapitia wapi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaongeza kwamba nitadungwa sindano ya usingizi, kwa hivyo nije na mtu wangu wa karibu wa kunirudisha nyumbani. Kwa wakati huo akanipa vidonge vya kuongeza damu.

Vidonge hivyo ndivyo vilivyonimaliza. Mke wangu alivikuta katika mfuko wa kanzu, vimefungwa kwenye karatasi isiyoandikwa kitu. Yeye tayari alikuwa na lake moyoni, kwa kuwa kitandani nilikuwa nalala kama gogo kwa miezi.

"Hizi dawa za nguvu wazila kwa ajili ya nani?" akaniuliza. "Maana mimi hizo nguvu sijaziona."

Nikasema ni za mgongo. Akalia.

Wiki ile ile ndugu zake wakaniita kikao. Kaka yake mkubwa, mtu mwenye heshima zake, akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, una mke mwengine? Sema tu, si haramu." Ningesema sina, swali la pili lingekuwa, basi una nini? Nikainamisha kichwa. Alingoja, kisha akasema, "Mwari akiulizwa idhini ya ndoa akanyamaza, twasema amekubali. Basi nawe umeshatujibu." Siku hiyo hiyo mke wangu alifunga nguo zake, akarudi kwao Kibokoni na watoto wetu.

Cha kuchekesha, kama kipo, ni kwamba barazani nimepanda cheo. Wakiniona napita nahema, wananipisha nikae. "Mwacheni bwana apumzike, nyumba mbili si mchezo!" Wananinunulia supu ya pweza, nami nainywa na kucheka nao. Nyumba yangu ya pili ni choo. Ndiko ninakojifungia nikalia.

Kipimo nimekiahirisha, na nimekiahirisha tena. Niende na nani? Mamangu ana presha. Nikimchukua mtu wa barazani, habari zitafika mtaani kabla yangu. Wa kunishika mkono alikuwa mmoja tu, naye ananiona mimi ni msaliti.

Juzi nilikutana naye Ndia Kuu, anatoka dukani. Nimekonda, viganja vimekuwa vyeupe. Alinitazama sana, nikadhani atanitukana.

"Huyo mkeo mpya hakulishi?" akasema. "Mwambie akupikie maini. Wewe bila maini huwi mtu."

Akavuta mtandio hadi machoni, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika ukuta.

Ijumaa hii baada ya sala ndugu zake wanakuja kuchukua talaka. Nguvu za kubishana sina. Mara nyingine naona heri nimpe, aondoke na hasira zake, kuliko abaki aniuguze kitu ambacho huenda hakina dawa tena. Halafu nafikiria kwamba nikifa, atakuja msibani, atakaa na wanawake wenzake, na macho yake yatazunguka yakimtafuta mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo.

Wanaume wenzangu, na nyinyi dada zangu mnaosoma, neno kama hili mtu huanza kulisema vipi? Nishaurini kabla ya Ijumaa. Nimwandikie talaka, au nimwambie naona damu?