Siku Niliyoisifu Pombe ya Mjomba

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisikia kwa watu wa Kalembe mtasikia vibaya zaidi: mimi ndiye yule mwalimu wa Mweso aliyetema pombe ya mjomba wake mbele ya ukoo mzima. Nilitema chini, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti. Wanaonijua hapa sokoni hucheka wakinikuta, na mimi hucheka nao kidogo kisha najifanya nina haraka.

Chanzo ni wiski. Kuna mfanyabiashara hapa Mweso, Papa Kambale, mtu wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye duka la vinywaji. Jumapili mchana alikuwa anatukusanya nyuma ya duka, mimi, muuguzi mmoja na mkuu wa shule yetu, tuonje wiski za Uskoti, zile zinazoitwa single malt, yaani za shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja, zisizochanganywa na nyingine. Chupa zilifika moja moja kwenye magari yake (msiniulize zilivyopita vizuizi vya barabarani), nasi tulizilinganisha mbili mbili kwa uso mkavu kama mahakimu. Unamimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, unanusa, unatia matone ya maji, unazungusha kinywani, kisha unatema kwenye kopo, kwa sababu ukimeza zote, ukifika ya tatu huwezi tena kuitofautisha na ya kwanza. (Mke wangu alisema ni mara ya kwanza kusikia wanaume wanakunywa ili wateme.) Moja ilikuwa na ladha ya asali, nyingine ya ganda la chungwa, lakini tuliyoipenda kuliko zote ilitoka kisiwa kimoja cha hukohuko Uskoti na ilinuka moshi pamoja na ile dawa ya kusafishia vidonda hospitali. Papa Kambale akiionja alifumba macho akasema, "Hii iko na dawa." Basi hiyo ikawa sifa yetu kubwa. Wiski ya kawaida tuliiita nzuri, lakini iliyotushinda maneno tulisema iko na dawa. Mwaka mzima hivyo, mpaka nikasahau kwamba nje ya duka lile neno hilo lina kazi nyingine.

Na kazi hiyo nyingine ndiyo iliyovunja nyumba yetu. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la sita, siku tatu baada ya kula na kunywa kwa mjomba Leonard, kaka yake mama, kule Ntoto. Tumbo lilimshika, akatapika, akaondoka. Hakuna daktari aliyemwona. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mjomba alimtilia dawa, na mnajua kwetu ukisema hivyo hukusudii vidonge, unakusudia sumu. Mama hakuwahi kulitamka neno hilo hata siku moja. Alifunga tu vitu vyake akatuleta Mweso, na kila mjumbe aliyetoka kwa kaka yake alimjibu, "Mumuambie miye siko na neno naye." Ila Ntoto hakurudi, na miaka ikapita mingi, mimi nikaoa, nikazaa, mjomba hajamwona mtoto wangu hata mmoja.

Mwaka jana katekista wa Kalembe, Papa Deo, alisema imetosha, ndugu wa tumbo moja hawawezi kuzeeka namna hii. Akapanga wakutane kwake. Utaratibu ni wa wazee na ni rahisi: anayeshukiwa anakuja na pombe aliyoipika kwa mikono yake, anamimina, anakunywa kwanza yeye watu wakiona, kisha kikombe kilekile anampa mtoto wa marehemu, mtoto akimeza, dada, yaani mama yangu, anamalizia, na yale maneno hayasemwi tena na mtu yeyote. Kazi yangu siku ile ilikuwa kumeza tu.

Mjomba alitembea siku tatu msituni na bidoni, yaani dumu, ya lotoko mgongoni, ile pombe kali ya mahindi na muhogo. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hana. Mama alimtazama, akasema, "Kaka, umechoka," akasogea kwenye benchi ili akae karibu naye. Nilifurahi mno. Nadhani ndiyo maana nikataka kufanya zaidi ya nilichoagizwa.

Mjomba akamimina, akanywa, akafuta mdomo, akaninyooshea kikombe. Harufu ilinifikia mapema: moshi, tena moshi safi, ule ule tuliousubiri kila Jumapili. Nikafikiri, nimpe mzee heshima yake, niionje kama tunavyoonja ya Uskoti. Uamuzi mdogo kiasi hicho. Nikachomoa mfukoni glasi yangu (ndiyo, nilikuwa natembea nayo, imefungwa kwenye leso, niacheni) nikahamishia pombe humo, na watu wakatazamana, kwa nini hataki kikombe alichonywea mwenzake? Sikuwaona. Nikaiinua juani. Nikainusa muda mrefu, pua yote ndani. Nikatia matone ya maji kutoka chupa yangu mwenyewe.

"Iko anatafuta nini mule ndani?" akauliza shangazi, dada yake marehemu baba.

Nikadhani amevutiwa, nikamwinulia kidole asubiri. Kisha nikaipeleka kinywani, nikaizungusha, na kwa mazoea ya mwaka mzima nikageuka pembeni nikatema. Halafu nikamtazama mjomba kwa macho ya pongezi na kusema kwa sauti, ili asiwepo wa kukosa:

"Mujomba, hii iko na dawa."

Nami, mjinga, nikaongeza, "Dawa ya nguvu kabisa."

Mama aliruka kutoka kwenye benchi. Alinishika taya, akanifungua kinywa kama alivyonifanyia utotoni nilipomeza kifungo, akaniingiza vidole kooni. "Tapika, mutoto wangu. Tapika yote, usimeze hata mate." Nikatapika juu ya suti, juu ya viatu, juu ya vitenge vya mama. Nilipopata pumzi nikaanza kueleza, na kila nilichosema kilizidi kuharibu. Nilisema huko Uskoti zilizo bora zote zinanuka hospitali, na shangazi akasema, "Baba yake angefikishwa hospitali, leo angekuwa muzima." Papa Deo alinyoosha mikono, "Bandugu, tumuache aeleze," lakini watu walishasimama, wengine wanabeba watoto wao kuwatoa pale.

Mjomba hakunitazama mimi. Alimtazama mama. Akamimina kikombe kikajaa, akanywa chote amesimama, akamimina cha pili, akanywa, na cha tatu, bila kuondoa macho kwake. Kisha akaibeba bidoni yake mgongoni akaondoka kwa njia aliyokuja nayo, siku tatu nyingine mbele yake, na hakuna aliyempa hata maji.

Jioni mama aliniuliza, taratibu, hiyo wiski ya moshi inakuwaje. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akaanza kufua vitenge vyake. Nilimwona analia juu ya beseni, na mimi niliyekuwa na maneno mengi mchana nikaenda kumchotea maji.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Ntoto kuomba msamaha. Mjomba alinipokea vizuri, akanipikia ndizi, hata alicheka kidogo kuhusu ile glasi. Papa Deo alikuwa ameshampelekea maelezo. Nikapiga magoti, akaninyanyua.

"Siko na kasirani na weye," alisema. "Weye ulikosea neno, njo yote. Lakini mama yako hakuuliza. Alisikia ile neno moja, hakuuliza hata dawa gani. Miaka yote ananitumia habari asema hana neno na miye. Kumbe iko analo, analificha tu."

Nikasema mama alishtuka, ni mama, kila mama angefanya vile. Akatikisa kichwa kukubali, akaniongezea ndizi kwenye sahani, na tukazungumza habari za mvua.

Nimeapa, na mnishuhudie: pombe ya mtu nikipewa nitaimeza, nitasema aksanti, basi. Jumapili sasa nabaki nyumbani kusahihisha madaftari. Lakini kiapo changu kinanifaa mimi peke yangu. Mama hutuma chumvi na sabuni Ntoto kwa wasafiri, mjomba hutuma nyama iliyokaushwa, lakini wenyewe hakuna anayefunga safari. Kila mara mama huniuliza kama siku ile nilipokwenda, kaka yake aliulizia habari zake. Namwambia ndiyo, mama, aliuliza sana. Hakuuliza.