Saba Ambayo Hakuitoa

Habari za kifo chake nilizipata Jumatatu asubuhi, kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa dada yake: kaka ametutoka alfajiri, tunazika kesho Rungwa, kama utaweza njoo. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akipima gemu za video katika gazeti letu dogo la Singida, miaka ile soko lilipofunguliwa na kila basi lililotoka Arusha au Dar likaja na kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Alicheza kaseti mpya, akaandika ilivyo, akatoa maksi kwa kumi. Lakini wengi zaidi wanamkumbuka kwa jambo jingine, kwamba alihongwa na muuza kaseti, akaisifia kaseti mbovu, na mjane mmoja wa Kinyangiri akapoteza kila kitu kwa kumwamini. Amezikwa na jina hilo. Si kweli, na anayejua vizuri kuliko wote kwamba si kweli ni mimi ninayeandika safu hii. Leo sina utani mwingi, mtanisamehe.

Kabla ya gemu alikuwa mpima asali wa chama cha ushirika huko kwao Rungwa. Wafugaji wa nyuki walileta madebe yao kutoka maporini, naye alikaa na kijiti chake cha mti mgumu, akachovya mara tatu: juu, katikati, na chini kabisa mpaka kijiti kigonge bati. Alionja kila mara, akasukutua kwa maji, akaonja tena. Watu ni wajanja, asali safi huwekwa juu na takataka za masega hulala chini. Wapimaji wengine wangeonja mara tatu kisha wakaliandikia debe daraja moja la kati na kati, kila mtu akaenda zake. Yeye aliandika madaraja matatu kwenye karatasi moja na kugoma kuyachanganya. Meneja alimgombeza, akajibu kwamba anayenunua ya kupaka kwenye mkate na anayenunua ya kupikia wanzuki hawanunui debe moja hata kama wanabeba debe moja. Mpika pombe hajali masega yaliyo chini. Mwenye mkate anajali sana. Basi waandikiwe yote, kila mmoja asome linalomhusu. Soko huria lilipoingia, walanguzi walikuja na mizani tu, bila kuonja, wakabeba juu na chini kwa pamoja. Ushirika ukafa, naye akamwaga unga pamoja na wenzake wote.

Alihamia Singida Mjini, akafungua kibanda cha gemu nyuma ya soko. Kilikuwa na televisheni moja, mashine moja, pedi mbili na benchi. Pedi, kwa wale ambao ujana wenu uliisha mapema kama wangu, ni kile kidude cha vitufe ambacho mchezaji hushika mikononi. Nilimfahamu huko, nikitafuta mtu wa kuandika kuhusu mambo haya mapya ambayo vijana walikuwa wakiyazungumza na sisi wahariri tukajitia tunayaelewa. Namna yake ya kupima ilikuwa ileile ya asali. Kaseti moja huwa na namna nyingi za kuchezwa: peke yako dhidi ya mashine, ligi nzima ya timu nyingi, mazoezi, au wawili mkitafutana. Yeye alizichovya zote. Namna ya watu wawili aliipima kwa kuwaita watu wawili kwelikweli. Nilimkuta siku moja amemkalisha mama muuza uji na fundi baiskeli, wote hawajawahi kushika pedi, wanapigana ngumi kwenye televisheni. Mama yule alimwangusha fundi mara nne mfululizo na kukataa kurudi kwenye sufuria lake. "Andika tisa," marehemu aliniambia akiwa anacheka mpaka machozi. "Lakini ukicheza peke yako ni tatu tu, mashine yenyewe inapigana kama mgonjwa. Andika yote mawili." Kijana mmoja alikuja kulalamika kwamba yeye hucheza peke yake nyumbani, sasa hiyo tisa itamsaidia nini? Alimjibu kwa upole kabisa, "Basi wewe soma mstari wako, mdogo wangu."

Tulibishana sana juu ya hili, na mimi nilikuwa mbishi wa kukera. Nilimwambia msomaji hana muda. Anashuka kwenye basi, anafunua gazeti, anataka namba moja imwambie nunua au acha. Nilimwambia pia kwamba pengine waliotengeneza gemu walitia nguvu zao zote kwenye ligi, na ile namna ya watu wawili wakaichomeka tu mwishoni, sasa kwa nini ivutwe chini kwa kitu cha nyongeza? "Kama wameiandika kwenye boksi, wameiuza," alisema. Nikamuuliza, basi namba ya jumla itoke wapi? Akasema kama lazima itoke, itoke kwa mtu fulani, iandikwe ni ya nani: hii ni ya mwenye kibanda, hii ni ya anayecheza peke yake nyumbani. Namba ya katikati, alisema, inampima mchezaji ambaye hayupo. Sikumwelewa vizuri, au nilimwelewa na kuona ni maneno mengi kwa safu nyembamba kama ile.

Ndipo ikaja kaseti ya mpira. Ilikuwa nzuri kutazama, majani ya kijani, mashabiki wanaimba. Aliniletea makala yake kwa mkono, karatasi mbili zilizoandikwa kwa mwandiko wa karani wa zamani. Kucheza dhidi ya mashine, tisa. Ligi, tisa. Mazoezi, tisa. Wachezaji wawili, moja. Aya ya mwisho ilieleza kwa nini: pedi ya pili huchelewa kuitikia, na mara nyingi baada ya mapumziko picha huganda, mpaka uzime mashine na kuanza upya. Siku hiyo lilikuja tangazo la mashine ya kukamua alizeti, kubwa, limelipiwa tayari, nami nilikuwa na ukurasa uliojaa. Nikaichukua kalamu. Nikajumlisha tisa tatu na moja, nikagawa kwa nne, nikapata saba. Nikaandika "saba kwa kumi" kwa herufi nene, nikaikata aya ya mwisho, nikaacha jina lake chini. Sikumwambia. Niliona nimefanya hesabu safi, na kwa kweli hesabu haikuwa na kosa lolote.

Kinyangiri kulikuwa na mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Shemeji zake walimwachia ng'ombe kwa shingo upande, wakisubiri ashindwe. Alikuwa ameona kibanda cha gemu mjini na akapata wazo ambalo hakuna mtu kijijini aliyekuwa nalo. Akauza ng'ombe wawili, akanunua televisheni, jenereta dogo na mashine. Kwa kaseti hakutaka kubahatisha, akasoma gazeti. Akachagua ile ya mpira, maana vijana wa kule wanapenda mpira, na saba kwa kumi ni alama ya kufaulu vizuri popote. Mnaojua vibanda vya vijijini mnajua kwamba hakuna mtu anayekwenda pale kucheza peke yake. Wanakaa wawili, anayefungwa anapisha, na benchi zima linapiga kelele. Alifungua siku ya mnada, wafugaji wamejaa kijijini. Mechi ya kwanza ikaganda baada ya mapumziko. Wakaanza upya, ikaganda tena. Mtu akasema mama huyu anaizima makusudi ili watu walipe mara mbili. Wakaanza kusukumana, meza ikapinduka, televisheni ikaanguka kifudifudi kwenye sakafu ya udongo. Wiki haikuisha, shemeji zake wakaja kuchukua ng'ombe waliobaki, kwa kuwa sasa walikuwa na cha kusema mbele ya ukoo: huyu mwanamke hawezi kutunza mali ya kaka yetu. Akabaki na jembe na watoto.

Alipokuja Singida mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibanda, nimefuata makala ya wiki. Aliingia na gazeti limekunjwa kwenye khanga, akatoa shikamoo kwa heshima zote, marehemu akaitikia na kumkaribisha. Hakukaa.

"Ni wewe unayeandika hizi namba?"

"Ni mimi, mama."

"Hii saba, ulicheza mwenyewe au ulisikia kwa watu?"

"Nilicheza mwenyewe."

"Wawili wawili ulicheza?"

"Nilicheza."

"Iliganda?"

Marehemu alichukua gazeti, akasoma mpaka chini, akatafuta aya ambayo haikuwepo. Hakuwa amewahi kuliona toleo lile, hakuwa na desturi ya kusoma maandishi yake yakishachapwa. Akaninyanyulia macho mara moja tu.

"Iliganda, mama."

"Sasa saba ya nini, mzee wangu?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mama yule. Ningeweza kusema maneno matano na yangetosha. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri. Nikamsikia marehemu akisema, "Nimekukosea. Nisamehe, mama yangu." Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba atakuwa alikatiwa chake, na mwingine akacheka. Uvumi wote mliousikia ulizaliwa pale, kwenye benchi lile, nami nikiwa nimeinama.

Siku ileile alichomoa nyaya zake, akafunga televisheni kwenye blanketi pamoja na mashine, pedi zote mbili na kaseti ya ngumi, akavipandisha kwenye basi alilorudi nalo mama yule. Mama hakushukuru, wala hakuwa na sababu ya kushukuru. Baadaye nilisikia kwamba hata televisheni hiyo iliishia sebuleni kwa shemeji mkubwa. Kibanda kilifungwa. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba ni mimi. Alikuwa anakunja godoro lake. "Jina lililo chini ya makala ni langu," alisema. "Ulitaka nimwambie mama wa watu kwamba sijui kinachoandikwa kwa jina langu? Wewe una gazeti, kaka. Utasema mwenyewe ukiwa tayari." Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Akarudi Rungwa kwenye mizinga yake. Mimi nikaendelea kuwa siko tayari. Gazeti lile likafa, nikapata kazi kubwa zaidi, nikapata safu hii, nikaandika juu ya uaminifu wa viongozi mara nyingi tu, mnajua wenyewe.

Jumanne nilifika Rungwa vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi. Dada yake aliniambia alikohoa miezi mingi, na gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana hakuweza tena kukaa. Wakaniomba niandike wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, wakanipa karatasi moja. "Kaka, na lile la Singida uliseme," dada yake alinisihi. "Hapa watu wanalisema sana, na yeye hakuwahi kutuambia ilikuwaje." Nilikaa kwenye kigoda nikaandika kwamba alizaliwa, alisoma, alifanya kazi ushirika, alikuwa mtu wa watu na mwaminifu kwa ujumla. Kwa ujumla! Niliyasoma hayo mbele ya jeneza kwa sauti nzuri. Wakati wa kufukia, vijana wawili wenye makoleo walikuwa wakiulizana kama huyu ndiye yule aliyekula rushwa ya gemu. Mmoja alisema ndiye, lakini alikuwa anajua asali. Dada yake aliwasikia. Alinitazama, kisha akatazama pembeni.

Siku hizi vijana wengi wananiletea makala za kupima gemu, simu, magari, hata shule na hospitali, na wote wameweka namba moja juu kabisa. Nawarudishia. Nawaambia kilichogawanyika wakiache kimegawanyika: waandike kila namna ya kuchezwa ina nini, namna ipi waliicheza na ipi hawakuigusa, na kama wanataka kutoa namba ya jumla waseme ni ya mchezaji gani. Kilichovunjika kisifichwe ndani ya kizuri, maana kuna mtu ambaye sehemu hiyo iliyovunjika ndiyo pekee aliyoinunua. Wengine huona mzee ana masharti. Sijawahi kuwaambia nilijifunzia wapi. Na wahariri wenzangu nawaomba, ukikata maneno ya mtu, mwambie kabla gazeti halijachapwa, na jambo likiharibika jitokeze siku hiyohiyo. Mimi nilisubiri mpaka aliyestahili kulisoma akawa hawezi tena kusoma.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa jina langu, kwa yeyote wa Rungwa, wa Singida au wa Kinyangiri atakayelipata gazeti hili, na kwa mama yule kama bado yu hai. Marehemu hakuhongwa na mtu. Aliicheza kaseti ile wawili wawili kama alivyosema, na aliipa moja. Saba niliandika mimi.