Mikono ya Ndihokubwayo

Kwa miaka kumi na minne Ndihokubwayo aliendesha lori kati ya Kigali na Dar es Salaam, na Kiswahili chake alikiokota njiani, kwenye mizani na kwa mama ntilie. Siku mkewe Alida alipoteleza kwenye ngazi za mawe pale kwao Nyamirambo, Kigali, akavunjika uti wa mgongo, Ndihokubwayo alimrudishia tajiri wake funguo za lori.

"Tafuta mtu wa kumwangalia," tajiri alimsihi.

"Mizigo ya watu nimeilinda miaka yote isipate hata mkwaruzo. Nitashindwa kumlinda mke wangu?"

Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Kumwogesha, kumpikia, kumgeuza kila baada ya saa mbili, yote yalikuwa juu yake. Akiba iliisha, wakawa wanaishi kwa kodi ya chumba kimoja walichopangisha. Ndipo mkutano wa mtaa ulipokaa kupendekeza familia za kupewa msaada wa serikali wa kila mwezi, na jina lake likasomwa.

Jirani yake, Nsengiyumva, akasimama. "Msaada huu ni wa nyumba zisizo na mtu wa kufanya kazi. Huyu iko na mikono miwili mizima. Aende akachimbe mitaro kama wengine!"

Ndihokubwayo alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Hakupaza sauti. Akamgeukia Kabagwira, ofisa wa ustawi wa jamii aliyekuja kusikiliza. "Mama, mimi sikatai kazi. Njoo kesho uione ninayofanya. Na jirani yangu aje."

Alida alipoambiwa alicheka. "Waje. Ila wasilete huruma, waje kuona kazi."

Asubuhi Kabagwira alifika na muuguzi wa kituo cha afya, Nsengiyumva nyuma yao. Ndihokubwayo akamwomba jirani yake ashike upande wa miguu, wamhamishe Alida kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Nsengiyumva alitweta, jasho likamtoka. "Kila siku hivi?"

"Mara nane. Na huwa niko peke yangu."

Wanaume wakatoka, muuguzi akamkagua Alida mgongo. Alipofungua pazia alikuwa akitikisa kichwa. "Miaka sita, na hana kidonda hata kimoja! Nani alimfundisha?"

"Mimi," Alida akasema. "Akikosea namgombeza."

Kabagwira alifunga daftari lake. "Tumehesabu mikono, hatukuuliza imeshika nini."

Mkutano ulipokaa tena jina lilipita, na wa kwanza kunyoosha kidole kuliunga mkono alikuwa Nsengiyumva. Lakini kilichompa fahari Ndihokubwayo kilikuja mwezi uliofuata, muuguzi alipomwalika kituoni kuwafundisha wanaouguza watu wao nyumbani. Walikuwa wanawake kumi na wawili, na yeye. Alimpeleka Alida akiwa amesukwa nywele mistari myembamba iliyonyooka.

"Dada, umesukwa wapi?" mmoja akauliza.

Alida akamwonyesha mumewe kwa kidevu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.